Maradhi ya Moyo na Misuli katika Samaki Wafugwao

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, tangu Kipawa na Ukonga hadi Mbagala na Bunju, ufugaji wa nyumbani si jambo geni. Nyuma ya nyumba nyingi pana banda la kuku, na pengine zizi la ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa. Katika miaka ya karibuni limeongezeka jambo jingine, nalo ni bwawa la samaki. Mara nyingi si bwawa la kuchimbwa shambani kando ya mto, bali ni birika la saruji, au shimo lililotandikwa turubai, au tangi la plastiki lililojazwa maji ya kisima, ambamo mna sato au kambale mia chache. Majaribio ya kufuga perege nchini mwetu yalianza mwaka 1949, huko Korogwe na Malya. Leo ufugaji huo umeingia uani, na pamoja nao yameingia matatizo ambayo mvuvi wa ziwani hana haja ya kuyafikiria.

Tatizo mojawapo ni hili. Mfugaji huona samaki wake, waliokuwa wakila vizuri, wameanza kuzubaa. Baadhi yao hufa siku ile wanapovuliwa kwa wavu ili wahamishwe, ijapokuwa hawana jeraha lolote. Mfugaji hukimbilia duka la pembejeo, hununua dawa ya kuua bakteria, huimimina majini, na husubiri. Samaki huendelea kufa, na akiba ya mwaka mzima huenda nao.

Makala haya yanakusudia kueleza kundi moja la maradhi yanayoweza kuleta hali hiyo, yaani maradhi ya moyo na misuli. Tutaona kwamba dalili zake hukaribiana, lakini asili yake si moja. Yako yaletwayo na virusi, yako yaletwayo na bakteria, na yako yaletwayo na chakula kilichoharibika ghalani. Asili hiyo ya tatu hutajwa mara chache kuliko nyingine, na ndiyo hasa iliyo mikononi mwa mfugaji mwenyewe.

1. Moyo wa samaki na kazi yake

Moyo wa samaki uko chini ya koo, nyuma kidogo ya matamvua, baina ya mapezi mawili ya kifuani. Ni mdogo, na kazi yake ni ya njia moja tu. Moyo wa binadamu una vyumba vinne, nao husukuma damu katika mizunguko miwili: mmoja wa kwenda mapafuni na mwingine wa kwenda mwilini. Moyo wa samaki una chumba kimoja cha kupokea damu na kimoja cha kuisukuma. Damu hutoka moyoni, hupita katika matamvua ili kuchukua oksijeni, huendelea moja kwa moja mwilini, kisha hurudi moyoni ikiwa imechoka.

Mpango huu una udhaifu mmoja. Katika samaki wengi, sehemu ya ndani ya moyo haipati damu mpya kutoka matamvua. Hunyonya oksijeni iliyobaki katika damu ile ile iliyokwisha kuzunguka mwili mzima. Kwa hiyo moyo wa samaki, ambao haupumziki, ndio unaopata masazo. Oksijeni ikipungua majini, moyo huo ni miongoni mwa viungo vinavyoumia mapema.

Hapa yafaa tukumbuke kwamba maji ya pwani yetu ni ya moto, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo zaidi. Lita moja ya maji baridi ya nyuzi 10 za Selsiasi huweza kubeba oksijeni yapata miligramu 11. Lita hiyo hiyo ikiwa na joto la nyuzi 30 haiwezi kubeba zaidi ya miligramu 7 na nusu hivi. Samaki wa Dar es Salaam huishi karibu zaidi na mpaka wa uwezo wa moyo wake.

Kuhusu misuli, samaki ana ya aina mbili. Ukimchuna ngozi utaona ukanda mwembamba wa nyama nyekundu ukipita ubavuni kutoka kichwani hadi mkiani. Hiyo ndiyo misuli ya kuogelea polepole na kwa muda mrefu, nayo hutumia oksijeni nyingi. Nyama nyeupe iliyobaki, ambayo ndiyo nyingi, ni ya mbio za ghafula. Ukanda ule mwekundu na moyo hufanana kwa tabia: vyote viwili hufanya kazi bila kukoma. Ndiyo sababu maradhi mengi yaushikayo moyo huushika na ukanda huo pia.

2. Funzo kutoka kwa samoni

Samaki aitwaye samoni hafugwi kwetu, kwani yeye ni wa maji ya baridi. Hata hivyo ni lazima tuanze naye, kwa sababu ndiye samaki ambaye maradhi yake ya moyo yamechunguzwa kuliko ya mwingine yeyote.

Nchini Norwe samoni hufugwa baharini katika vizimba vikubwa vya nyavu. Mwaka 1999 wataalamu wa huko walianza kuona ugonjwa mpya. Miezi mitano hadi tisa baada ya samaki kuhamishwa kutoka maji baridi ya mito kwenda baharini, walipoteza hamu ya kula, wakaogelea kwa unyonge, na wengine wakafa. Walipopasuliwa, moyo ulikuwa umevimba kwa ndani na kwa nje, na ukanda wa misuli myekundu ulikuwa umeharibika. Katika kizimba kilichoambukizwa, karibu samaki wote huwa na alama za ugonjwa moyoni, ingawa wanaokufa huenda wasizidi mmoja katika watano.

Kisababishi chake kilijulikana baada ya miaka mingi. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba katika samaki hao kumepatikana virusi ambavyo havikuwa vikijulikana, na mwaka 2017 majaribio yalithibitisha kwamba virusi hivyo vyenyewe ndivyo viletavyo ugonjwa. Virusi hivi kwanza huingia katika chembe nyekundu za damu. Msomaji atakumbuka kwamba chembe nyekundu za damu ya binadamu hazina kiini, na kwa hiyo virusi haviwezi kuzaana ndani yake. Chembe nyekundu za samaki zina kiini, basi huwa kiwanda kizuri cha virusi. Kutoka katika damu huenda moyoni, na kutoka moyoni katika misuli.

Kuna mambo mawili katika habari hii yanayotuhusu. La kwanza ni kwamba virusi hivyo hupatikana pia katika samaki wengi wasioonyesha ugonjwa. Samaki huweza kubeba ugonjwa kimya kimya, kisha siku ya kuvuliwa, kuhamishwa au kupungukiwa oksijeni, moyo ukashindwa. La pili ni umbo la moyo wenyewe. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba moyo wa samoni wa kufugwa mara nyingi huwa wa mviringo, hali ule wa samoni wa porini una umbo la piramidi lenye ncha. Samaki aliyekuzwa upesi, asiyelazimika kupambana na mkondo wa maji, hupata nyama nyingi juu ya moyo ulio dhaifu.

Je, virusi ni tatizo la nchi za baridi tu? La hasha. Mwaka 2014 wataalamu walieleza virusi vipya vilivyoua perege wengi nchini Israeli. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba alama za virusi hivyo zimeonekana katika sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda, ijapokuwa samaki hao hawakuonekana kuwa wagonjwa. Virusi hivyo hushambulia zaidi ini, ubongo na macho kuliko moyo, lakini onyo lake ni lile lile: kifaranga anayeonekana mzima si lazima awe salama. Vifaranga vya samaki husafirishwa kwa urahisi katika mifuko ya plastiki iliyojazwa maji na oksijeni, na ugonjwa husafiri pamoja navyo.

3. Sato na bakteria wa moyoni

Katika nchi za joto, maradhi ya bakteria yanayoushika sana moyo wa sato ni yale yaletwayo na jamii ya streptokoki. Bakteria hawa hustawi maji yanapokuwa ya moto na samaki wanapokuwa wamesongamana. Huingia katika damu, huenda katika ubongo, na pia katika ngozi laini inayouzunguka moyo. Ngozi hiyo huvimba, hunenepa, na pengine hushikamana na moyo, hata moyo ukashindwa kupiga sawasawa.

Dalili zake za nje ni rahisi kuzitambua. Macho hutokeza au huwa na ukungu. Samaki huzunguka kama pia, au huogelea ubavu, kwa sababu ubongo umeguswa. Ngozi huwa na wekundu chini ya tumbo na penye mapezi. Katika ugonjwa huu dawa ya kuua bakteria yaweza kusaidia, lakini iwe ile iliyochaguliwa na mtaalamu baada ya vipimo, tena huchanganywa na chakula. Dawa iliyomiminwa majini kwa kukisia huwazoeza bakteria kuishi nayo. Zaidi ya hayo, samaki mgonjwa hali, kwa hiyo hata dawa ya kweli ikichelewa haimfikii.

Mfugaji ajilinde pia yeye mwenyewe. Mnamo mwaka 1995 na 1996, mjini Toronto, Kanada, watu kadhaa walishikwa na ugonjwa wa aina moja ya bakteria hawa baada ya kutayarisha samaki wabichi, wengi wao wakiwa sato, na kujikata au kuchomwa na miiba. Mwenye kidonda mkononi asishike samaki mgonjwa pasipo kuvaa glavu.

4. Mafuta yaliyochacha

Sasa tufike kwenye asili ya tatu, ambayo haina mdudu wala virusi.

Mafuta ya samaki yana tabia ya pekee. Molekuli zake zina nafasi nyingi zinazoweza kushikwa na oksijeni ya hewani. Dagaa akianikwa juani, kisha akasagwa na kuwekwa guniani katika chumba chenye joto, oksijeni huanza kuyashambulia mafuta yake. Molekuli moja ikiharibika hugeuka kuwa adui wa jirani yake, jirani naye humharibu wa tatu, na uharibifu huenea kama moto katika nyasi kavu. Mfano huo hauko mbali na ukweli. Kazi hiyo hutoa joto, na unga wa samaki uliorundikwa vibaya katika meli umewahi kuwaka wenyewe. Mafuta yaliyofikia hali hiyo huitwa yamechacha. Hutoa harufu kali inayokereketa koo, na dagaa hugeuka rangi kuwa ya manjano iliyoiva au kahawia.

Samaki akila chakula hicho, uharibifu ule ule huendelea ndani ya mwili wake. Kila seli ya mwili imefunikwa na utando uliojengwa kwa mafuta, na utando wa seli za misuli na moyo hushambuliwa upesi kwa kuwa seli hizo hutumia oksijeni nyingi. Mlinzi wa utando huo ni vitamini E, iliyogunduliwa mwaka 1922 na Herbert Evans na Katharine Bishop huko California. Vitamini hii hujitoa mhanga: huipokea molekuli iliyoharibika na kuukata mnyororo kabla haujaendelea. Mafuta yaliyochacha huleta hasara mara mbili. Huua vitamini E iliyomo katika chakula kabla hakijaliwa, kisha huimaliza iliyomo katika mwili wa samaki.

Habari hii ilijulikana vizuri huko Japani. Wafugaji wa samaki aina ya kapu walikuwa wakiwalisha mabuu makavu ya nondo wa hariri, ambayo yana mafuta mengi. Samaki walikonda mgongoni hata mifupa ikaonekana, na ugonjwa huo ukaitwa sekoke, yaani kukonda kwa mgongo. Katika miaka ya 1960 wataalamu walionyesha kwamba chanzo chake ni mafuta yaliyochacha, na kwamba samaki waliopewa vitamini E ya kutosha hawakuugua.

Vitamini E ina msaidizi wake, nayo ni madini ya seleniamu. Klaus Schwarz alionyesha mwaka 1957 kwamba madini haya, yaliyokuwa yakijulikana kuwa sumu, ni ya lazima kwa uhai yakiwa kidogo sana. Ndama na wana-kondoo wanaoyakosa hupata ugonjwa wa misuli myeupe, na mioyo yao huweza kusimama ghafula. Binadamu naye hakusalimika. Katika wilaya ya Keshan, kaskazini mashariki ya China, ugonjwa mkubwa wa misuli ya moyo ulionekana mwaka 1935, ukaua hasa watoto na kina mama. Katika miaka ya 1970 ilithibitika kwamba udongo wa sehemu hizo umepungukiwa na seleniamu, na kwamba watoto waliopewa madini hayo walikingika. Kutoka kwa binadamu hadi kwa samaki, sheria ni moja: misuli isiyolindwa huungua polepole kwa oksijeni ile ile inayoipa uhai.

Kwa nini jambo hili limhusu zaidi mfugaji wa mjini? Kwa sababu ya maji yake. Sato aliye katika bwawa la shambani lenye maji ya kijani hula mwani na majani siku nzima, na humo hupata vitamini ambazo mfugaji hakumpa. Sato aliye katika tangi la plastiki lenye maji maangavu hana chakula kingine ila kile kinachotoka guniani. Gunia likiwa baya, hana pa kukimbilia. Hali ni hiyo hiyo kwa kuku wa banda la jirani, kwani vifaranga wanaolishwa mafuta yaliyochacha huweza kupata ugonjwa wa misuli wa namna hii.

5. Jinsi ya kutofautisha

Mfugaji hawezi kuona virusi kwa macho, lakini aweza kupunguza kukisia. Na achunguze kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, atazame saa ya kufa. Samaki wakitweta juu ya maji alfajiri, na wale wakubwa wakatangulia kufa, huenda oksijeni ndiyo iliyokwisha usiku. Hilo litengenezwe kabla ya kutafuta ugonjwa.

Pili, atazame mwendo na umbo. Macho yaliyotokeza na kuzunguka kama pia huelekeza kwenye bakteria. Mgongo uliokonda, unyonge wa muda mrefu, na kufa mara baada ya kuvuliwa huelekeza kwenye misuli na moyo.

Tatu, apasue samaki mmoja anayekaribia kufa au aliyekufa muda huo huo. Moyo mzima ni mwekundu, una ncha, nao hukaa katika kifuko kikavu. Damu iliyoganda, maji au utando mzito katika kifuko hicho ni dalili ya ugonjwa. Nyama iliyopauka yenye michirizi myeupe nayo ni dalili.

Nne, achunguze chakula. Atie konzi ya unga wa dagaa katika kikombe, amimine maji ya moto, kisha anuse. Harufu ya samaki ni sawa. Harufu ya rangi ya kupaka au ya mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi si sawa.

Dalili hizi hazitoi hukumu ya mwisho, kwani hukumu hutolewa na maabara. Dar es Salaam tuna bahati ya kuwa na maabara ya veterinari huko Temeke, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro. Njia ya kuvifikia ni afisa uvuvi au afisa ugani wa kata. Samaki wa kupelekwa huko awe ametoka kufa, awekwe juu ya barafu bila kugandishwa, na afike siku hiyo hiyo. Samaki aliyeoza hasemi kitu.

6. Kinga

Kinga ya virusi ni kununua vifaranga mahali panapojulikana, kutowachanganya mara moja na samaki wa zamani, na kutohamisha wavu na ndoo kutoka bwawa hili hadi lile bila kuvikausha juani. Dawa ya kuviua ndani ya samaki haipo.

Kinga ya bakteria ni kupunguza msongamano, kuondoa mizoga kila asubuhi, na kupunguza chakula siku za joto kali.

Kinga ya mafuta yaliyochacha ndiyo rahisi kuliko zote. Nunua dagaa wakavu wenye rangi ya fedha, wala si wale waliogeuka kahawia ambao huuzwa kwa bei ndogo. Changanya chakula kitakachokwisha katika wiki mbili. Weka gunia juu ya chaga, mbali na ukuta na bati, penye kivuli na hewa. Ukinunua chakula cha kiwandani, soma tarehe. Sato anayekula chakula chenye mafuta machache huhitaji vitamini E yapata miligramu 50 hadi 100 katika kila kilo, na mafuta yakiongezeka, mahitaji hayo huongezeka. Mwenye tangi la maji maangavu awape samaki majani mabichi laini mara kwa mara, na ahakikishe kwamba mchanganyiko wake una vitamini.

Samoni wa Norwe walihitaji miaka zaidi ya kumi na maabara kubwa ili siri ya ugonjwa wao ijulikane. Siri ya gunia lililochacha haihitaji hata darubini. Mfugaji aliye na shilingi chache mkononi, kabla ya kuzipeleka kwenye duka la dawa, na afungue kwanza gunia lake na kunusa.

Maswali ya kuzungumzia

1. Kwa nini moyo wa samaki huumia mapema oksijeni ipunguapo majini?
2. Eleza kwa nini samaki mwenye virusi aweza kuonekana mzima hadi siku ya kuhamishwa.
3. Wafugaji wawili wamenunua dagaa wa gunia moja. Samaki wa mmoja, walio katika bwawa la maji ya kijani, ni wazima. Wa mwingine, walio katika tangi la maji maangavu, wamekonda mgongoni. Eleza sababu.
4. Chunguza mahali panapouzwa au kuwekwa chakula cha mifugo mtaani kwako. Ni mambo gani yanayoharakisha kuchacha kwa mafuta?